Hafupaipu ukiwa Nakuru: anza na ukuta, theluji itangoja

Kwanza, acha kutafuta theluji. Vijana wanaonijia wakitaka kushindana kwa ubao wa theluji huanza na swali hilo hilo, theluji wataipata wapi. Hapa Nakuru tuna vumbi na baridi ya asubuhi; kule Kericho na Nandi kuna mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Theluji ya kuteleza hatuna. Ila hafupaipu, yaani kuruka na ubao kutoka kwenye kuta mbili zinazotazamana, ni mchezo wa ukuta kabla haujawa mchezo wa theluji, na ukuta unajengeka kwa plaiwudi popote. Theluji utaifuata baadaye, ukiwa na mwili unaojua la kufanya ukifika.

Mimi ni mwalimu wa sarakasi. Nilikulia Kisumu, nikajifunza kupinduka kwa kurukia tairi lililofukiwa nusu mchangani. Baadaye nilipata mkataba wa kazi Dubai, nikapangiwa ukumbi wa theluji wa ndani, kwenye kaunta ya kukodisha viatu na mbao. Zamu ikiisha wafanyakazi tuliruhusiwa kuteleza, na huko ndiko nilikojifunza. Sijawahi kushindana, maana nilianza nikiwa mtu mzima, na umri katika kazi hii hauna huruma. Sasa nafundisha watoto wa Nakuru, na mashindano ya hafupaipu nayatazama kwa jicho la mtu anayehesabu mizunguko ya wengine kila jioni.

Jua unachoshindania

Hafupaipu ya mashindano makubwa ni mfereji wa theluji iliyoshindiliwa, wenye kuta mbili zinazotazamana. Kila ukuta una kimo cha futi 22, yaani karibu mita 6.7, na sehemu ya juu kabisa imesimama wima. Kutoka ukuta hadi ukuta ni kama mita 20. Mfereji wenyewe una urefu wa mita 150 hadi 200 na ushei, na umelala kwenye mteremko wa digrii 18 hivi. Mchezaji anaingia juu, anapanda ukuta mmoja, anaruka nje, anageukia hewani, anatua kwenye ukuta ule ule alioutoka, kisha anaelekea wa pili. Katika mteremko mmoja, yaani kushuka mara moja, anapata miruko mitano au sita. Walio bora hupaa mita nne, tano juu ya ukingo.

Waamuzi ni sita. Kila mmoja anatoa alama hadi 100, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, na nne zilizobaki zinatafutiwa wastani. Tuseme wametoa 88, 90, 91, 85, 90 na 93. Tupa 85 na 93, jumlisha zilizobaki upate 359, gawa kwa nne: 89.75. Mchezaji wa fainali hushuka mara tatu na alama inayobaki ni ile bora pekee. Hazijumlishwi. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloamua namna ya kupanga siku: mteremko wa kwanza ni wa kuweka alama mezani, na ukishaiweka unaweza kuhatarisha.

Tofauti na jimnastiki, hakuna orodha inayosema mruko huu una thamani hii. Waamuzi wanautazama mteremko wote: kimo, ugumu, aina mbalimbali za miruko, usafi wa kutua, na kama umeleta kitu kipya. Ndiyo maana ugomvi hauishi. Mwaka 2022 kwenye Olimpiki ya Beijing, Ayumu Hirano wa Japani alifanya katika mteremko wa pili mruko wa kupinduka mara tatu ndani ya mzunguko wa digrii 1440, yaani mizunguko minne kamili, akapewa 91.75, chini ya 92.50 za Scotty James wa Australia. Watangazaji walipiga kelele, na mimi nilipiga kelele sebuleni kwangu. Hirano hakusema kitu. Alipanda tena juu, akaufanya mruko ule ule katika mteremko wa tatu, safari hii wakampa 96.00 na dhahabu. Kijana anayetaka kazi hii autazame mteremko huo wa tatu kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kurudia jambo la hatari kama hilo huku una hasira, tena kwa usafi zaidi, hufanyi kwa bahati.

Jenga ukuta

Ukiangalia waliofika juu, wengi walikuwa na kitu kingine kabla ya theluji au sambamba nayo. Babake Hirano alikuwa na uwanja wa skeitibodi mjini Murakami, na mtoto alianza akiwa na miaka minne. Hirano huyo huyo aliiwakilisha Japani katika skeitibodi kwenye Olimpiki ya Tokyo. Shaun White wa Marekani, mwenye medali za dhahabu za Olimpiki za 2006, 2010 na 2018, alishinda pia kwenye ngazi za juu za skeitibodi. Queralt Castellet wa Uhispania, aliyepata medali ya fedha Beijing akiwa kwenye Olimpiki yake ya tano, alitokea kwenye jimnastiki. Liu Jiayu wa China, mshindi wa medali ya fedha 2018, alianza na wushu. Wachina walielewa mapema kwamba mtoto anayejua mwili wake hewani anaweza kufundishwa theluji. Mimi naamini hivyo hivyo kuhusu watoto wetu wa sarakasi.

Kwa hiyo nunua skeitibodi, hata ya mitumba. Jua kwanza mguu wako wa mbele: vaa soksi, kimbia kidogo kwenye sakafu laini kisha teleza, mguu uliotangulia wenyewe ndio wa mbele. Usiubadilishe kwa sababu rafiki yako anatumia mwingine. Baadaye utalazimika kujifunza kuteleza kwa upande wa kinyume pia, kwa sababu waamuzi wanalipa vizuri miruko ya upande huo, lakini hilo lingoje.

Ukuta mdogo wa mbao mtaujenga kwa kuchanga. Mwambie fundi asikuletee hesabu ya kukisia, mpe hii. Kimo futi 4. Chukua kamba ya futi 7, funga ncha moja kwenye msumari na nyingine kwenye penseli, chora pinde juu ya plaiwudi ya milimita 18. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha ubavu mmoja, na sehemu inayobaki nyuma inabeba jukwaa la kusimamia. Kuta mbili zinahitaji mbavu nne, na ukiweza ongeza za katikati. Mbao za 2×4 zipite kutoka ubavu hadi ubavu, kila inchi 8. Ukiziachanisha zaidi plaiwudi itabonyea ndani ya mwezi. Juu yake lala plaiwudi nyembamba ya milimita 6, tabaka mbili, maungio ya tabaka moja yasikae juu ya maungio ya nyingine. Katikati ya kuta acha futi 8 za sakafu tambarare. Kwenye ukingo welda akufungie paipu ya chuma ya inchi 2, itokeze milimita 8 hivi, usiache zaidi ya hapo.

Funika kwa turubai kila jioni. Mvua inajulikana, lakini adui wa Nakuru ni vumbi: linaingia kwenye beringi za magurudumu na linafanya plaiwudi iteleze pale usipotaka. Fagieni kabla ya kila mazoezi. Mtoto anayekwepa kufagia simpi zamu.

Kwenye ukuta huo utajifunza kitu kimoja kwa miezi, nacho ni kusukuma. Mwendo hauji kwa kukanyaga chini. Unachuchumaa ukiwa kwenye tambarare, unanyoosha miguu unapopanda pale ukuta unapojikunja, na mwendo unaongezeka. Ni kama mtoto kwenye bembea anavyojipandisha juu bila kusukumwa na mtu. Anayeshindwa kusukuma anafika mruko wa nne akiwa hana kimo, na hata awe na mizunguko mingi namna gani ataizungushia chini ya ukingo. Ukitazama fainali, angalia miruko miwili ya mwisho ya kila mshiriki. Hapo ndipo wengi huishiwa.

Hewani, na chini

Mizunguko tunaijifunza mbali na ukuta. Tairi, trampolini ukiipata, na shimo la kutulia. Shimo letu tulilijaza maranda kutoka kwa maseremala na vipande vya sponji za magodoro vilivyowekwa ndani ya magunia. White alitengenezewa shimo la sponji kando ya hafupaipu yake binafsi huko Silverton, Colorado, mwaka 2009, akapata humo miruko aliyoipeleka kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka uliofuata. Sponji zake zilikuwa nyingi kuliko zetu, kazi ni ile ile.

Kwanza kupinduka bila kuzunguka. Kisha kuzunguka bila kupinduka: digrii 180, 360, 540, yaani nusu mzunguko, mmoja, mmoja na nusu. Kisha kuchanganya polepole, kichwa kikishuka pembeni badala ya moja kwa moja. Ukiwa hewani macho yatangulie; bega linafuata macho, kiuno kinafuata bega. Mwanafunzi akifumba macho nalisikia kosa kabla ya kuliona, kwa sababu anatua kwa mlio mzito. Huyo namrudisha kwenye 180. Na kushika ubao kwa mkono wakati wa mruko si mapambo: kunaukusanya mwili, na waamuzi wanaangalia kama umeshika kweli au umegusa tu.

Kuanguka nako kunafundishwa. Ngumi zifungwe, mikono ya mbele itangulie, kidevu kifuani. Ukifungua kiganja kujizuia, kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Kwenye ukuta, ukiona mruko umeharibika, teleza kwa magoti na usitafute kusimama. Helmeti kila mara, pamoja na siku ambayo mgeni amekuja kupiga picha.

Kutua kwenyewe kuna siri moja: tua juu. Ukitua karibu na ukingo, ukuta unakupokea na kukupa mwendo. Ukitua katikati ya mfereji, kwenye tambarare, umeanguka kutoka ghorofani na magoti yako yanajua.

Sasa theluji

Mama mmoja wa Bondeni aliniuliza mbele ya binti yake, "Kocha, na hiyo barafu yenyewe, tutampeleka Menengai?"

Nikamwambia, "Mama Shiru, mwaka huu ni plaiwudi. Barafu tutaizungumza akishaweza kusukuma ukuta kwa nusu dakika bila kushuka."

"Nusu dakika tu?"

"Mpe yeye akuonyeshe hizo sekunde thelathini."

Alipoziona aliacha kucheka.

Mtoto akifika hapo, njia za karibu ni chache. Dubai kuna mteremko wa ndani wenye urefu wa mita 400 hivi ndani ya Mall of the Emirates, na Wakenya wengi wana ndugu huko wa kuwalaza. Hautapata hafupaipu ya mashindano humo, lakini utajifunza makali ya ubao. Lesotho kuna Afriski, milimani juu ya mita 3,000, msimu wake Juni hadi Agosti, wakati shule zetu zina likizo fupi. Unapitia Afrika Kusini, ambako Mkenya anaingia bila viza tangu Januari 2023. Masharti ya mpaka wa Lesotho, na barua za mzazi kwa mtoto mdogo, yaulize kabla ya kulipa tiketi.

Jaketi usinunue mpya. Zile nzito ambazo bodaboda wetu huvaa alfajiri nyingi zilishonewa skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao mbili, moja kila mguu. Kwenye mitumba zimejaa, na suruali zake pia, ila hakuna anayezitaka kwa sababu hajui ni za nini. Glovu vilevile. Helmeti na viatu ndivyo usivyobahatisha. Kiatu kikikuacha kisigino kinyanyuke, ubao haukusikii.

Siku za kwanza utachukia kila kitu. Ubao wa theluji hauna magurudumu, una makali mawili, la upande wa vidole na la upande wa kisigino, na ukilala katikati bila kuchagua, makali ya upande wa bonde yanakamata na unapigwa chini kama gunia. Kaa kwenye mteremko mpole mpaka uweze kukata mikunjo kwa makali yote mawili na kwenda kwa mguu wa kinyume. Ukifika kwenye hafupaipu halisi, ingia kutokea chini: panda kwa miguu hadi nusu, anza hapo, pita kuta bila kuruka. Tena uliza saa. Asubuhi mapema kuta ni barafu ngumu inayohitaji makali yaliyonolewa. Jua likikaza zinalainika na kutengeneza mashimo. Kwenye Olimpiki ya Sochi, Urusi, mwaka 2014, joto liliharibu mfereji kiasi kwamba mabingwa wenyewe walilalamika.

Pesa na makaratasi

Hapa ndipo ndoto nyingi hukatikia, kwa hiyo niseme wazi. Mchezaji wa ngazi ya juu hafuati msimu mmoja, anafuata baridi duniani: Julai hadi Septemba New Zealand, Oktoba barafu ya Saas-Fee huko Uswisi, Desemba Copper Mountain Marekani, Januari Laax na Aspen, na kuendelea hadi Machi. Kila kituo kina tiketi ya ndege, malazi, pasi ya lifti, kocha na bima. Zawadi za mashindano haziwalishi wengi. Wanaolipa ni wafadhili wa mbao, miwani na vinywaji, nao hutafuta mtu anayeonekana. Babake Chloe Kim, mchezaji wa hafupaipu wa Marekani, alimnunulia binti yake ubao uliotumika kwa dola 25, kisha akaacha kazi yake ili amwendeshe kwa gari usiku hadi mlima wa theluji wa Mammoth, California, mwendo wa saa tano na zaidi. Kim alipata dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 17, mwaka 2018, na nyingine 2022. Ubao wa dola 25 watu huusimulia sana. Mshahara ulioachwa hawausimulii.

Kuiwakilisha Kenya kuna mlango wake. Leseni ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii na ubao wa theluji, hutolewa kupitia chama cha nchi, wala huwezi kujiandikisha mwenyewe. Anzia kwa Kamati ya Olimpiki ya Kenya, kwa barua, mapema, ukiwa na video. Nafasi zenyewe ni finyu: Beijing zilikuwa 25 kwa wanaume na 25 kwa wanawake, nchi moja haipeleki zaidi ya wanne kila upande, na lazima uwe umewahi kumaliza ndani ya 30 bora kwenye Kombe la Dunia au mashindano ya dunia.

Wapo waliotangulia kwa upande mwingine wa theluji. Philip Boit, mkimbiaji wa huku kwetu Bonde la Ufa, alikwenda Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye skii ya masafa akiwa na ufadhili wa Nike, akamaliza wa 92 na wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei aliyeshinda akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alishuka kwenye skii ya milimani 2018. Boit alijifunza skii akiwa mtu mzima na akafika. Kwenye hafupaipu njia hiyo usiitegemee: mwaka huo wa 2018 mwanamke mmoja aliiwakilisha Hungaria kwenye hafupaipu ya skii bila miruko yoyote ya maana, akiwa amefuzu kwa kumaliza mashindano yenye washiriki wachache, na dunia nzima ilimcheka. Sitaki mwanafunzi wangu apandishwe huko kabla ya wakati.

Mwili, na umri

Kano za goti, mtulinga, kifundo cha mkono: hivyo hupona. Kichwa ni habari nyingine. Kevin Pearce, aliyekuwa mshindani mkubwa wa White, aliangukia kichwa mazoezini Park City tarehe 31 Desemba 2009 na ubongo wake ukaumia vibaya. Hakurudi kwenye mashindano. Kaitlyn Farrington alishinda dhahabu Sochi na kufikia 2015 alikuwa amestaafu, baada ya madaktari kugundua hitilafu ya kuzaliwa kwenye uti wa shingo. Sheria yangu ni moja: aliyegonga kichwa hapandi tena siku hiyo hata akiapa yu mzima, na harudi bila daktari kumwona. Bima ya safari isome maneno madogo, kwa sababu nyingi huondoa michezo ya theluji au hulipa mteremko wa kawaida na kukataa hafupaipu.

White alimaliza Beijing akiwa na miaka 35, na huyo alikuwa mzee wa wote kwenye hafupaipu. Ukianza na miaka tisa una muda. Ukianza na kumi na tano na tayari unapinduka vizuri, jaribu, nami nitakusaidia kuandika barua. Ukiwa umevuka ishirini na hujagusa ubao, nenda kwenye kazi zinazouzunguka mchezo: mwalimu wa wanaoanza kwenye kumbi za ndani, fundi wa kunoa makali na kupaka nta, mtaalamu wa viungo, mwendesha mashine zinazokata kuta, mwamuzi. Uamuzi unaweza kuanza kuufanyia mazoezi leo kwa simu. Fungua fainali yoyote ya zamani, zima sauti, funika alama kwa karatasi. Kwa kila mteremko andika miruko kwa tarakimu zake, kimo cha wa kwanza na wa mwisho, mkono umeshika wapi, ametua juu au katikati. Toa alama yako, kisha ondoa karatasi. Ukipishana na waamuzi kwa zaidi ya alama tano, rudisha nyuma uangalie tena kutua kwake.